Chumvi ya Pili

Chungu cha shaka hutiwa chumvi mara mbili. Ndivyo nilivyosema, na kauli yangu siirudishi. Mnaniuliza methali hiyo imetoka wapi, maana mwalimu wenu hajawafundisha. Atawafundishaje? Haikuanzia kitabuni. Ilianzia hapahapa Ujiji, jikoni kwa mama yangu mzazi, na mimi nilikuwepo kwa macho yangu mawili. Nitawaeleza ilivyoanza, ila mikono isisimame. Tausi, endelea kukata unga. Na wewe Hadija, kaa mbali na hiyo ndoo ya visheti. Tangu asubuhi umeshavihesabu mara tatu, na kila ukimaliza unamtupia mwenzio jicho la pembeni. Nimekuona.

Mwaka huo nilikuwa na miaka kumi na miwili. Kaka yangu Feruzi, babu yenu, alikuwa ameoa miezi miwili kabla ya Ramadhani. Mke alimtoa Uvinza, kwa watu wanaochemsha maji ya chemchemi mpaka yakauke ibaki chumvi tupu. Jina lake Zaituni. Naam, bibi yenu huyohuyo. Nyinyi mnamjua wa kwenye picha, mzee na miwani yake. Mimi nilimpokea akiwa msichana wa miaka kumi na tisa, mrefu, mkimya, akicheka anaziba mdomo. Na nawaambia mapema kabisa: mwezi ule ilibaki kidogo tu arudishwe kwao. Angerudishwa, nyie wote msingekuwepo hapa kunimalizia sukari yangu.

Mama yangu, Bi Kalunde, alikuwa mwanamke mwema. Jirani akiugua, uji wa kwanza ulitoka kwetu. Lakini mama alikuwa na shaka, Mungu amsamehe. Muuza samaki akimwambia huyu ni wa leo, mama anafunua matamvua mbele yake, ananusa, kisha anamuuliza tena. Ukimwambia mvua inanyesha anatoka nje kuhakikisha, anarudi ameloa. Baba alipofariki, shaka ile ikazidi, maana hakukuwa na mtu tena wa kumwambia, "Kalunde, basi."

Sasa huyu Zaituni alikuwa anapika. Sitii chumvi, ni kweli tupu. Maharage aliyatia mawese mekundu na kitunguu kingi, yakawa mazito hata kijiko kinasimama. Dagaa aliwakaanga mpaka wakalia mdomoni, akawamwagia nyanya mwishoni kabisa wasilegee. Siku za Ijumaa alitupikia maandazi ya iliki, na mimi nilipewa la kwanza, la moto, nilirushe toka mkono huu kwenda huu. Nyumba ilichangamka. Kaka Feruzi, aliyezoea kupitia vijiweni akitoka kazini, akawa anakuja moja kwa moja. Mama mwenyewe aliongeza sahani, akisema amepungua tu kwa sababu ya homa ya mwaka jana.

Ikaingia Ramadhani.

Mnajua tabu ya kupika huku umefunga. Huonji. Siku za kawaida mpishi unakoroga mchuzi, unadondosha tone kwenye kiganja, unalamba, unajua ulipo. Ramadhani kiganja hakilambwi. Mashehe wengine wanasema kuonja kwa ncha ya ulimi na kutema hakuna neno, lakini nyumbani kwa mama hilo halikuwepo. "Ulimi ukishaonja, koo linatamani," alisema. Basi katika nyumba zote za mtaani, leo chumvi imezidi, kesho imepungua, na hakuna anayelalamika. Ndiyo Ramadhani yenyewe. Mama alipika futari za chumvi ya kuzidi na kupungua miaka ishirini na tano, na kwa siri alikuwa akijivunia. Kwake yeye hiyo ilikuwa alama kwamba jiko limefunga.

Zaituni akapika siku ya kwanza. Chumvi imetua, haikuzidi wala haikupungua. Mama akasema, "Mashallah."

Siku ya tatu imetua. Mama akasema, "Hm."

Siku ya saba mama hakusema kitu. Alikula polepole, huku anamtazama Zaituni mdomoni. Tulipokuwa tunaosha vyombo, akaniita pembeni.

"Mwasiti, chakula hakiwezi kutua chumvi siku saba mfululizo bila ulimi. Ulimi huo wa nani?"

"Labda anajua kukadiria, mama."

"Mimi nimepika Ramadhani ishirini na tano sijajua kukadiria. Aje ajue mtoto wa juzi?" Akaangaza mlangoni, akashusha sauti. "Yule anakula. Ni kobe yule."

Kobe ni mtu anayekula mchana kwa kujificha, akitokea mbele za watu kajifuta mdomo. Hapa kwetu, bora uitwe mwizi. Nilishtuka. Lakini neno likishaingia sikioni, wanangu, halikai bure. Kesho yake nilianza kumtazama wifi yangu kwa macho mengine. Akipiga mswaki, najiuliza, kwa nini muda mrefu hivyo? Akienda kulala adhuhuri, najiuliza, chumbani kuna nini? Akicheka kwa kuziba mdomo, kama alivyokuwa anacheka tangu siku aliyofika, mimi naona anaficha kitu.

Na hapa ndipo panaponiuma mpaka leo, kwa hiyo nisikilizeni. Siku ya tisa nilichungulia. Jiko letu lilizungushiwa ua wa matete, na matete hayakosi tundu. Nikamwona Zaituni amenipa mgongo. Akafunua chungu, akachota kwa upawa, akadondosha tone kiganjani, akainua kiganja usoni. Halafu akakifuta kwenye khanga. Ulimi sikuuona. Nawaapia, sikuuona. Niliona mgongo na kiwiko. Lakini nilikwenda mbio kwa mama.

"Ameonja."

"Umemwona?"

"Nimemwona."

Tazama ulimi wa mtoto. Neno moja tu, na hilo lilitosha.

Mama naye alikuwa na lake. Alikuwa ameona kwamba kwenye pindo la khanga Zaituni amefunga kitu. Akiingia jikoni anakifungua, akimaliza anakifunga tena, kama mtu anayeficha hirizi.

"Karanga hizo," mama akasema. "Anatafuna karanga mchana wa Mungu, anatupikia sisi tuliofunga. Lisemwalo lipo." Na aliyelisema alikuwa yeye mwenyewe!

Akaapa siku ile kwamba kobe hatakula Idi chini ya paa lake. Atamrudisha kwa baba yake. Lakini Feruzi asiambiwe kwanza, maana Feruzi ameshikwa na mkewe, atabisha. Lazima apatikane na ushahidi.

Haikupita siku, ikaja salamu kutoka Uvinza. Mzee Bukuru, baba yake Zaituni, angekuja kufuturu nasi siku ya kumi na tano. Zaituni alifurahi, hakukaa chini. Alinishika mikono akanizungusha uani.

"Mwasiti, baba hajawahi kula chakula changu nikiwa kwangu! Mama yangu alifariki mimi mdogo. Baba ndiye aliyenifundisha kupika, mwanamume, wenzake wanamcheka. Nataka aone nimefika."

Mimi nilicheka naye, na moyoni nilikuwa najua. Mama alipoisikia salamu ile, naye alifurahi, kwa lake.

"Vizuri sana," akaniambia. "Atakuja mwenyewe kumchukua. Sasa sikiliza. Siku hiyo nitatia chumvi kwenye chungu chake, kwa siri, chumvi nyingi. Kama anaonja, ataonja, ataona imezidi, atairekebisha. Atatia maji, atatia ndizi, anajua mwenyewe. Futari ikiletwa tamu, nimemkamata. Nitasimama mbele ya baba yake nimwambie, mkwe, chungu hiki nilikiharibu kwa mkono wangu, kimeponaje bila ulimi?"

Nikamuuliza, "Na kama haonji, mama?"

Akanitazama kama niliyeuliza kama jua litachomoza.

"Ataonja," akasema.

Mnaona? Upande wa pili hakuufikiria kabisa. Hakujiuliza, nikiwa nimekosea mimi, mgeni atakula nini.

Siku ya kumi na tano ikafika. Zaituni alianza kazi baada ya adhuhuri. Alichemsha magimbi. Alipika uji wa mtama na pilipili manga, akaufunika uive kwa mvuke wake. Migebuka, samaki wa ziwa letu, alikuwa amewachagua mwenyewe asubuhi, wabichi, wanang'aa. Aliwakaanga kidogo, kisha akawaweka kwenye chungu kikubwa na mawese, nyanya na bamia chache. Harufu ilijaa uani, na mimi niliyefunga nilimeza mate nikaomba msamaha. Akatia chumvi, akakoroga mara moja, akafunika kwa mkungu wa udongo uliokuwa na pengo ukingoni. Pengo akaligeuzia ukutani, kama alivyozoea.

Mama akanikonyeza. Nikaita, kwa sauti ile niliyofundishwa:

"Wifi! Njoo unisaidie kuchota maji, mtungi umenishinda."

Akatoka, mikono mitupu, anatabasamu. Kisimani nilichelewesha kamba makusudi. Nilipogeuka nikamwona mama anatoka jikoni anajifuta kiganja kwenye khanga. Alitia ngumi mbili za chumvi. Baadaye aliniambia mwenyewe, ngumi mbili, kwa sababu moja aliona haitoshi.

Zaituni akarudi kwenye chungu, mimi nikiwa nyuma yake. Akasimama. Pengo la mkungu lilikuwa limeelekea mlangoni.

"Mwasiti, kuna aliyegusa chungu?"

"Hakuna."

Akanitazama. Mimi nikaangalia kuni. Akachukua upawa, akafunua, akadondosha tone kiganjani. Safari hii nilikuwa nimesimama mbele yake, hakuna matete, hakuna mgongo. Akasogeza kiganja puani. Akanusa. Basi! Akanusa, kama mama anavyomnusa samaki.

"Mawese yameiva," akasema. "Yakiwa mabichi yanakata pua."

Lakini hakukifuta kiganja. Alilitazama lile tone kwa muda, na midomo yake ilikuwa mikavu ya saumu. Nilijua anachofikiria. Kulamba mara moja tu, ajue kama chungu kimeguswa. Mimi ndiye shahidi pekee, na mimi mtoto. Kisha akalifuta tone kwenye khanga.

"Nimefunga," akasema, akijiambia mwenyewe. Akafungua lile pindo, akanionyesha kilichomo. Kilikuwa kibuyu kidogo, nusu yake tu, kimekatwa kikawa kama kijiko kisicho na mpini, cheupe kwa chumvi. "Hiki ndicho kinachonionjea. Chumvi nimeshaipima. Mengine namwachia Mungu."

Nikakimbilia chumbani kwa mama.

"Mama, haonji! Ananusa! Ana kipimo, kile cha kwenye khanga ni kipimo cha chumvi!"

Mama alikuwa anajifunga ushungi kwenda kumpokea mgeni. Hakugeuka hata shingo.

"Amekuona unamtazama. Ndiyo maana hakuonja."

Basi, mtu wa shaka utamweleza nini? Ukionja ni kobe, usipoonja ni kobe mjanja. Nikakaa kitandani nikalia, na adhana ya magharibi ikaadhiniwa.

Wanaume walikaa mkekani barazani: kaka Feruzi na Mzee Bukuru. Mzee alikuwa mwembamba, mikono imepasukapasuka kwa kazi ya chumvi, kanzu yake imefuliwa mpaka imekuwa nyepesi. Sisi wanawake tulikuwa ndani, nyuma ya pazia, tunaona na hatuonekani. Wakafungulia kwa tende na maji, wakanywa uji. Mzee akausifu uji. Zaituni akazibana khanga zake mkononi kwa furaha. Kisha chungu kikafunuliwa.

Feruzi ndiye aliyeanza. Alikata gimbi, akachovya, akatia mdomoni. Uso ulimbadilika. Akageuka pembeni akatema.

"Zaituni! Umepika au umemwaga gunia la chumvi?"

Ndani, mama alishtuka. Nilimwona. Mkono uliokuwa tayari kuinua pazia ulishuka. Yale maneno yote aliyojiandalia, mkwe, chungu hiki nilikiharibu, kimeponaje, hayakuwa na kazi tena. Chungu hakikupona.

"Siku zote unapika vizuri," Feruzi aliendelea, na aibu ilimfanya mkali, "leo mzee wako amekuja ndiyo unanifanyia hivi?"

"Feruzi mwanangu, kula," akasema Mzee Bukuru.

Naye akala. Alichovya, akatafuna, akameza. Akachovya tena. Akavunja kipande cha mgebuka, akala mpaka mwiba. Akanywa maji, akarudi chunguni. Fikirieni, mtu mzima, ameshinda na kiu tangu alfajiri, ametoka safari, na anakula chumvi. Jasho lilimtoka kwenye paji. Akanywa maji ya pili, akachukua samaki wa pili.

Zaituni alikuwa amesogea mlangoni, machozi yanamtiririka hayana sauti. "Baba, acha. Baba, tafadhali."

"Nimetoka Uvinza kuja kula chakula cha mwanangu," mzee akasema. "Nakula."

Nikamtazama mama. Alikuwa amelishika pazia kama mtu anayezama, na kila tonge lililoingia kinywani mwa mzee, koo lake yeye lilimeza. La tano. La sita. Angeweza kunyamaza, wanangu. Msisahau hilo. Hakuna aliyemwona isipokuwa mimi, na mimi angenibana masikio. Angenyamaza, Zaituni angebaki na aibu yake, na pengine angerudi kwao na baba yake usiku uleule kwa fedheha. Shaka ya mama ingepata ilichotaka.

Mzee akanyoosha mkono mara ya saba. Mama akafunua pazia, akatoka.

"Mkwe, weka chini."

"Chakula kizuri, mkwe wangu."

"Si kizuri. Nimekiharibu mimi."

Feruzi akainuka nusu. "Mama?"

"Kaa. Nimekitia chumvi mimi, ngumi mbili, mwanao akiwa kisimani. Nilimdhania anakula mchana. Nikamtega. Nilitaka nimkamate mbele yako, mkwe, nimejikamata mwenyewe."

Mimi nilidhani Mzee Bukuru atasimama, atamshika binti yake mkono waondoke, na angefanya hivyo nani angemlaumu? Alifuta vidole vyake polepole, akamwambia Zaituni alete kibuyu. Akakiweka juu ya kiganja, akamwonyesha mama.

"Nilimkatia mimi, ana miaka tisa. Kikijaa mara moja ni chungu cha watu sita. Hajakosea tangu siku hiyo. Tonge la kwanza tu nilijua humu imeingia mikono miwili. Mmoja umepima, mwingine umeogopa."

"Ulijua? Mbona hukusema, mzee wangu?" Feruzi akauliza.

"Ningesemaje? Nikisema chumvi hii si ya mwanangu, nimeshamtaja mwenye nyumba. Mimi ni mgeni. Mgeni anakula anachopewa, na mzazi anakula cha mwanawe."

Mama aliinama mpaka ushungi ukamwanguka. Kisha akamgeukia Zaituni. Mtu mzima yule, aliyekuwa haombi radhi hata akikukanyaga, alimshika mkamwana wake mikono yote miwili.

"Nisamehe, mwanangu."

Msidhani Zaituni alisema hapohapo, "Yameisha, mama." Hapana. Alimtazama kwanza.

"Pengo la mkungu lilikuwa limegeuka," akasema. "Nilijua kuna mtu. Siku hizi zote mnanitazama mdomoni, mnadhani sioni? Leo ningeweza kuonja nikajiokoa. Nikasema, nikionja, nitakuwa kweli yule mnayemdhania." Akapangusa macho. "Umeniumiza, mama. Mbele ya baba yangu."

"Nimekuumiza," mama akajibu. Hakuongeza neno la kujitetea. Nadhani hilo ndilo lililomlainisha Zaituni, maana hakuitoa mikono yake.

Mzee Bukuru akakohoa, akaomba maji mengine. "Haya, migebuka wazuri namna hii hawatupwi. Chumvi ikishaingia haitoki, sisi watu wa chumvi tunajua. Dawa yake ni kuitafutia wa kugawana nayo. Kuna mihogo humu ndani?"

Mihogo ilikuwepo. Wanaume wakaenda kusali, sisi tukarudi jikoni. Mama akamenya, Zaituni akakata, mimi nikachota maji, safari hii bila kuchelewesha kamba. Tukatia mihogo, tukatia ndizi mbichi, tukatia maji. Chungu kimoja kikawa viwili, na viwili vikawa vitatu, maana ngumi za mama hazikuwa za mchezo! Tuliishia kuazima sufuria kwa jirani. Kila nyumba ya mtaa ilipelekewa bakuli, na Mzee Bukuru akala upya, safari hii akicheka, anamwambia mama, "Mkwe, ukinitega tena niambie mapema nilete watu wa Uvinza."

Mama alicheka mpaka akalia, au alilia mpaka akacheka.

Kesho yake jirani aliyeturudishia bakuli aliketi, akaanza kunong'ona habari za mkamwana wake mwenyewe. Anatoka mapema, anarudi na kikapu kimefunikwa, sijui kuna nini. Zamani mama angesogeza kigoda. Siku hiyo alisimama, akampa mkononi sufuria yake tuliyoiazima.

"Shoga, chungu cha shaka hutiwa chumvi mara mbili. Ya kwanza aliitia aliyepika. Ya pili utaitia wewe, na utakaowalisha ni wako. Nenda kamuulize kikapuni kuna nini."

Jirani akaenda akauliza. Ilikuwa mitumba ya watoto, kwa ajili ya Idi. Tangu hapo neno lile likatembea mtaani, kwa vinywa vya watu waliokula mihogo ile.

Na mimi? Mnadhani nilipona? Siku ya pili Zaituni aliniita jikoni.

"Mwasiti, nilikuuliza kama kuna aliyegusa chungu."

Nikaanza kupanga kuni.

"Na siku ile nyingine, nyuma ya ua, niliviona vidole vyako kwenye matete."

Nilitamani ardhi ipasuke. Kwa hiyo alijua! Alijua nani alipeleka neno, na barazani, mbele ya baba yake na mumewe, hakunitaja. Nikaanza kulia. Hakunibembeleza. Alifungua pindo la khanga, akatoa kile kibuyu, akakiweka mkononi mwangu.

"Leo utapika wewe," akasema. "Mimi nitakaa nje, na sitachungulia."

Ndiyo hiki hapa, Tausi, hiki unachotilia chumvi kwenye unga kila siku unaniuliza mbona sinunui kijiko.

Sasa Hadija, nyanyuka. Umeniambia asubuhi visheti vimepungua, mla visheti ni Tausi, na wewe utavitia pilipili vya juu umnase. Vimepungua vinne, sivyo? Nilikula mimi, jana baada ya kufuturu, na chai ya tangawizi. Ala! Mlidhani meno yangu ni ya mapambo? Ungevitia pilipili, ungemchoma bibi yako mzee, na wageni wa Idi juu yake.

Mwombe mwenzio radhi, kisha mnawe mikono mwendelee. Na mama yako akikuuliza leo umejifunza nini kwa bibi, usimwambie visheti tu. Mwambie chungu cha shaka hutiwa chumvi mara mbili.